Nimelipa nusu ya gari la umeme, sasa nasita

"Shikamoo mtaalamu. Naishi Kibaha, nafanya kazi Posta. Nimepata Nissan Leaf ya mwaka 2022 kwenye yadi moja hapa Dar. Betri ni ya kWh 40, imetoka Japani, imetembea kilomita 11,800 tu na ndani bado inanukia upya. Nimeshalipa nusu. Nusu nyingine natakiwa nimalizie ndani ya siku kumi, na mpango ulikuwa niuze IST yetu nipate hiyo hela. Sasa shemeji yangu mwenye gereji amenikalisha chini. Anasema betri hizi kwa joto la Dar hazifiki miaka mitatu, ikifa bei yake ni kama kununua gari lingine, na masika maji yakijaa barabarani naweza kupigwa shoti nikiwa na watoto ndani. Mwenye yadi anasema chaji moja inakwenda kilomita 322 na hayo mengine ni maneno ya wauza mafuta. Desemba huwa tunapanda Moshi. Nyumbani tumepanga, luku tunachangia na wapangaji wengine wawili. Usiku silali. Nirudishe gari nikatwe sehemu ya hela, au nimalizie?"

Marahaba, dada yangu. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili, na mara ya pili nikaona kwamba kinachonitia wasiwasi mimi sicho kinachokunyima wewe usingizi. Wewe unaogopa betri na maji. Mimi nimekwama kwenye sentensi uliyoipitia mbiombio karibu na mwisho: luku mnachangia nyumba tatu. Tutafika huko. Kwanza nimjibu shemeji, maana hajaongea upuuzi. Amesikia jambo la kweli, akalivuta likazidi kimo.

Hilo la joto lina historia. Leaf za kwanza kabisa ziliingia sokoni mwishoni mwa 2010, na kufika 2012 wenye magari wa Phoenix, jimbo la Arizona kule Marekani, walikuwa wanaona betri zao zinapungua kwa kasi ambayo hawakuambiwa. Mambo yakafika mahakamani, na Nissan ikaongeza dhamana iliyohusu kupungua kwa uwezo wa betri. Tangu hapo jina la Leaf na neno joto hutajwa pamoja, na shemeji yako si wa kwanza kuyaunganisha. Ila Phoenix wakati wa kiangazi hupita nyuzi 40 siku baada ya siku, Dar haifiki huko hata Februari. Na betri yako si zile. Zile za mwanzo zilikuwa za kWh 24, na kemia ya seli, vile vibetri vidogo vinavyounda betri kubwa, imebadilishwa tangu wakati huo. Ukubwa nao unasaidia kwa namna ambayo watu hawaifikirii: safari ileile inayokamua betri ndogo karibu hadi mwisho, kwa betri kubwa ni nusu ya kazi.

Kuna kitu kimoja hata hivyo ambacho hakikubadilika kutoka Leaf ya 2010 hadi hiyo yako, na mwenye yadi naona hakukugusia. Betri ya Leaf haipozwi kwa maji. Magari mengi ya umeme ya siku hizi yana mabomba yanayopita kati ya seli yakibeba maji ya kupozea, kama rejeta ya injini. Yako imefungwa ndani ya boksi la chuma chini ya sakafu, na joto lake linatoka lenyewe polepole kupitia kwenye chuma. Ikipata moto inabaki na moto kwa saa nyingi.

Sasa joto linafanya nini humo ndani? Boksi lina seli 192, zimepangwa kwenye moduli 24, yaani mafungu ya seli nane nane. Ukichaji, lithiamu inahama kutoka upande mmoja wa seli kwenda upande wa pili, ambao ni wa grafaiti. Ukiendesha, inarudi. Juu ya ile grafaiti kuna utando mwembamba sana, na kidogo kidogo lithiamu inanasa humo isitoke tena. Iliyonasa haitafanya kazi tena maisha yake yote, na huko ndiko kupungua kwenyewe. Utando huo una ndugu yake jikoni kwako. Fungua birika la umeme linalochemsha maji ya kisima, utaona ukoko mweupe chini. Haulizuii birika kuchemsha leo, unaongezeka tu, na tofauti ni kwamba ukoko wa betri hauukwangui kwa limau. Unajengeka haraka zaidi mambo mawili yakikutana: joto, na betri kukaa imejaa. Gari lililojazwa asilimia mia Ijumaa jioni likaachwa juani hadi Jumatatu linazeeka kuliko lile lililoachwa na asilimia 60 chini ya mwembe, hata kama yako uwanja mmoja.

Kwa hiyo "kufa ndani ya miaka mitatu" sikubaliani nako. Betri hizi zinafifia, na mara nyingi zinapungua zaidi miaka ya mwanzo kisha zinatulia kwenye mteremko wa polepole. Kwa Japani, Nissan inadhamini betri hiyo ya kWh 40 kwa miaka 8 au kilomita 160,000, isishuke chini ya vijiti 9 kati ya 12 vya afya ya betri kwenye dashibodi. Usifurahi sana, dhamana hiyo haipandi meli. Gari likishaondoka Japani umebaki wewe na fundi wako. Nimeitaja tu ujue kampuni yenyewe inaitegemea betri yake ifike wapi.

Na la bei ya betri nzima: betri ikigoma, wakati mwingine kilichochoka ni moduli moja au mbili tu, ambazo fundi anayejua anaweza kuzibadilisha kwa nyingine za aina hiyohiyo kutoka gari lililokatwa. Ni kazi ngumu na si ya bei rahisi, lakini si kununua gari lingine.

Nikiwa hapohapo kwenye kufa kwa betri, niseme kisa. Niliwahi kuitwa Tabata na mzee mmoja, Leaf yake imekataa kuwaka asubuhi. Nafika, majirani wamekwisha kufanya kikao. Betri imekufa, gari la vyuma chakavu, na mmoja ameshatafuta mnunuzi. Nikafungua boneti. Leaf ina betri nyingine ndogo, ya volti 12, ya asidi kama ya IST yako, inayowasha kompyuta na taa. Hiyo ikilala, gari lote limelala, hata kama ile kubwa imejaa. Tukaiamsha kwa waya za kuazima na gari la jirani, likawaka. Betri mpya ya volti 12, akaenda kazini kesho yake. Mwambie shemeji kisa hiki, atakicheka, kisha atakitumia.

Tuje kwa mwenye yadi, maana naye ana nusu yake. Hizo kilomita 322 hajazitunga. Ni matokeo ya kipimo cha Japani kiitwacho WLTC. Gari hilohilo kwa kipimo cha zamani cha Japani, JC08, liliandikwa kilomita 400. Kwa kipimo cha Ulaya ni 270, na cha Marekani ni kama 240. Gari ni moja, vipimo vinne, na muuzaji huchagua kile kinachomfaa. Mimi kwa Dar, AC ikiwa imewashwa na foleni ya Morogoro Road, huwa nahesabu kilomita 6 kwa kila yuniti moja ya umeme, ambayo ndiyo kWh moja, na kati ya zile 40 nahesabu 36 za kutumia. Inakuja kama kilomita 215. Ukiendesha taratibu utapata zaidi, ukikanyaga mia na kumi utapata pungufu. Panga maisha yako kwa 200 na hutapata aibu barabarani.

Kwa safari yako ya kila siku hiyo inatosha na kubaki. Maili Moja hadi Posta na kurudi weka kilomita 80. Gari litakula kama yuniti 13 na nusu. Kwenye mita zitatoka 15 hivi, kwa sababu kuchaji kunapoteza kidogo kwenye joto na kwenye vifaa. Kwa luku ya kawaida ambayo shilingi 10,000 inatoa yuniti 28, yuniti 15 ni kama shilingi 5,400. IST yako kwenye foleni hiyo tuiwekee kilomita 12 kwa lita, basi ni lita 6.7 kwa siku. Petroli chukulia 3,000 kwa lita kwa wepesi wa hesabu, wewe weka bei ya EWURA ya mwezi huu. Ni kama 20,000. Tofauti ni 14,600 kwa siku, na kwa siku 22 za kazi inapita laki tatu kwa mwezi. Sitazami hesabu hii kwa jicho la muuzaji. Nakuonyesha tu kwamba gari lenyewe si wazo la kijinga kwa mtu wa Kibaha anayefanya kazi Posta. Tatizo lako liko kwingine.

Liko kwenye ukuta wa nyumba ya kupanga.

Piga hesabu: yuniti 15 kwa siku 22 ni yuniti 330 kwa mwezi, zaidi ya shilingi laki moja na elfu kumi. Sasa weka hizo kwenye luku mnayochangia nyumba tatu, kila mmoja anatoa hela sawa kwa mazoea, halafu token ya wiki inaisha Jumanne usiku. Sijali mnapendana kiasi gani. Mwezi wa kwanza watanyamaza, mwezi wa pili utakuta waya wako umechomolewa. Na watakuwa na haki. Pia kama mita hiyo iko kwenye tarifa ya D1, ile ya wateja wadogo isiyotakiwa kuzidi yuniti 75 kwa mwezi, mtaitoka wote na wenzako watalipa umeme wa bei ya juu kwa sababu ya gari lako. Nadhani nyumba tatu kwenye mita moja zilishaitoka zamani, lakini uliza.

Dawa ipo na si ghali: mita ndogo ya kuhesabia, zile wenye nyumba wengi wanazofunga kwa wapangaji, iwekwe kwenye laini ya gari peke yake. Kila Jumapili mnasoma namba, unalipa ulichokula. Bora zaidi ni kuomba TANESCO mita yako mwenyewe, lakini hilo linahitaji mwenye nyumba akubali na asaini. Ndiyo maana nasema simu ya kwanza unayopaswa kupiga ni ya mwenye nyumba, kabla hata ya kurudi yadi. Akikataa kata kata gari lisichaji hapo, mjadala umekwisha. Gari la umeme bila mahali pa kulala na waya ni mzigo. Vituo vya chaji Dar vipo vichache, na kujenga maisha ya kila siku juu ya kituo kimoja kilicho upande wa pili wa mji ni kujitesa.

Akikubali, usichomeke kwenye soketi ya sebuleni. Hapa naomba unisikilize vizuri, maana moto ninaouogopa mimi uko kwenye plagi, si kwenye betri. Waya wa chaji unaokuja na Leaf za Japani umetengenezwa kwa volti 200 na unavuta ampea 15. Plagi yake haiingii kwenye soketi zetu, kwa hiyo vijana wa yadi huikata na kufunga plagi ya kawaida ya pini tatu, ambayo mwisho wake ni ampea 13. Pasi inavuta hivyo dakika kumi, unamaliza nguo. Gari linavuta kwa saa nyingi mfululizo, usiku, wewe umelala. Nimeshika soketi ya namna hiyo kwa mkono wangu, nyumba moja Kimara. Plastiki imegeuka rangi ya kahawia, pini moja imezama ndani kama kisu kwenye siagi, na mwenye nyumba anasema amekuwa akisikia harufu ya samaki tangu wiki iliyopita akadhani ni jirani. Harufu hiyo ya samaki ukiisikia karibu na soketi, zima meni swichi kwanza, maswali baadaye.

Unachotaka ni waya wa chaji wa kweli wa volti 230 wenye kichwa cha Type 1, ambacho ndicho kinachoingia kwenye Leaf za Japani, na unaokuruhusu kupunguza ampea. Weka 10. Fundi wa umeme mwenye leseni akuvutie laini ya peke yake kutoka kwenye meni swichi, waya wa 4mm, breka yake yenyewe, kile kifaa wanachokiita RCD cha kukata umeme unapovuja, na nondo ya ethi iliyochimbiwa na kupimwa. Nyumba nyingi za kupanga ethi ni ya jina tu, waya wa kijani umeishia hewani. Waya mzuri wa chaji utakataa kufanya kazi bila ethi na kuwasha taa nyekundu. Akikuambia fundi "huu waya mbovu, ngoja niudanganye," mfukuze.

Kwa ampea 10 zile yuniti 15 zitaingia kwa saa sita na nusu. Tega saa ya chaji iliyomo kwenye gari lenyewe ianze saa tano usiku, imalize saa kumi na moja na nusu alfajiri. Utapata faida tatu kwa mpigo: umeme wa mtaa umetulia kwa sababu watu wamelala, betri imepoa baada ya safari ya jioni, na inamaliza kuchaji ukiwa karibu kuondoka badala ya kukaa imejaa usiku kucha. Siku za kazi ishie kwenye asilimia 80 hivi. Safari yako inakula kama 37, kwa hiyo utarudi nyumbani na arobaini na kitu mkononi, na umeme ukikatika usiku mmoja bado utakwenda kazini. Mia kwa mia iache kwa siku ya safari ndefu. Posta tafuta kivuli hata kama ni kutembea dakika tano. Kwa Dar hii na betri isiyopozwa, mazoea haya madogo yana uzito kuliko chapa ya gari.

Mvua. Umeme mkubwa wa gari, kama volti 350, umefungwa kwenye boksi lisilopitisha maji na haujaunganishwa na bodi la gari, tofauti na umeme wa nyumbani unaotafuta ardhi. Kompyuta inapima muda wote kama kuna uvujaji, ikiona kitu inakuonya, na inaweza kukata swichi kubwa zilizo ndani ya betri yenyewe. Kupita kwenye madimbwi au kuosha gari hakukupigi shoti, wewe wala watoto. Ila boksi hilo liko chini, takriban sentimita 15 kutoka ardhini, kwa hiyo Jangwani ikijaa usijaribu, kama usivyopaswa kujaribu na IST. Na kama gari limewahi kuzama, hasa kwenye maji ya chumvi, usilichaji wala usiliwashe. Livutwe likapimwe, likae mbali na nyumba. Florida, baada ya kimbunga Ian mwaka 2022, yalikuwepo magari ya umeme yaliyozama maji ya bahari kisha yakawaka moto siku kadhaa baadaye. Hizo sentimita 15 zinanikumbusha pia barabara yenu ya mtaani. Kama ina mawe na makorongo, endesha kwa adabu, gari lina kama tani moja na nusu na shokapu zake zitakudai mapema.

Sasa nenda yadi, mchana, na uende na mtu. Akija shemeji ni vizuri zaidi. Zile alama za afya ya betri kwenye dashibodi, vijiti 12 vidogo pembeni ya geji ya chaji, usiziamini peke yake. Kijiti cha kwanza hakizimiki mpaka betri ipoteze kama asilimia 15, kwa hiyo gari lenye 99 na lenye 86 yote yanaonyesha vijiti 12. Na kuna wajanja wanaojua kuirudisha kompyuta nyuma ikaonyesha kamili kwa siku chache. Unachohitaji ni kidude cha Bluetooth kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani, na programu ya LeafSpy kwenye simu. Itakuonyesha asilimia ya afya, itakayoandikwa SOH. Kwa gari la umri huo na kilomita hizo mimi ningetegemea tisini na kitu. Ikiwa chini ya 88 ningeuliza limeishi wapi na limefanya nini. Itakuonyesha pia idadi ya mara lilizochajiwa haraka na mara lilizochajiwa polepole. Gari la kilomita 11,800 lenye mamia ya chaji za haraka lina hadithi ambayo hujaambiwa, au kilomita zake si hizo.

Kisha tazama tofauti kati ya seli yenye nguvu na iliyo dhaifu. Omba gari liwe chini ya asilimia 30 ya chaji, kwa sababu seli mbovu hujificha betri ikijaa, na muda wa kuangalia ni pale unapokanyaga mafuta (tutaendelea kusema mafuta, naona). Milivolti 20 au 30 ni kawaida. Ikiruka juu ya 100 kwa seli ileile kila mara, kuna moduli inaumwa.

Jaribio la mwisho halihitaji kidude chochote. Siku nyingine, chaji ikiwa juu, weka geji ya safari sifuri, washa AC, endesha kilomita 40 kwenye foleni halisi. Linatakiwa litumie kama asilimia 18 hadi 22. Likitumia 30, rudisha funguo. Omba na karatasi ya mnada ya Japani. Herufi R kwenye daraja maana yake gari liliwahi kupata ajali likatengenezwa, na sehemu ya maoni ya mkaguzi tafuta mtu anayesoma Kijapani akuambie kama kuna neno la maji. Redio na ramani zitabaki kwa Kijapani, hayo utazoea. Mwenye yadi akikataa kidude kisichomekwe, kwa sababu yoyote ile, mimi ningekubali kukatwa hiyo sehemu ya hela niondoke. Masharti ya kukatwa yasome kwenye risiti na mkataba uliosaini. Hilo si fani yangu, mwanasheria au watu wa Tume ya Ushindani watakueleza vizuri.

Imebaki Moshi, na hapa sina habari nzuri. Ni zaidi ya kilomita 500. Kwa Leaf hiyo ni kusimama mara mbili au tatu, na bila chaji ya haraka kila kusimama ni kulala. Tundu la haraka la Leaf ni la CHAdeMO, aina ya Kijapani inayozidi kuachwa duniani, kwa hiyo hata vituo vikifunguliwa Chalinze, Korogwe na Same kesho, huenda visikufae. Na hata vikikufaa, betri isiyopozwa ikishapata moto barabarani hupunguza yenyewe kasi ya kupokea chaji, ya pili inakuwa ndefu kuliko ya kwanza. Morogoro utafika na kulala na kurudi. Desemba ya Wachagga, na watoto na mizigo na ndizi za kurudi nazo, hapana. Utapanda basi au utakodi gari. Ile akiba ya laki tatu kwa mwezi, ukiiweka mwaka mzima, inalipa kukodi gari kwa wiki mbili na inabaki, lakini mimi siwezi kukuambia kama mama mkwe ataelewa kufika na gari la kukodi.

Ukiniuliza ningefanya nini: mwenye nyumba akikubali waya na mita, SOH ikiwa tisini na kitu, seli zikiwa sawa na lile jaribio la kilomita 40 likipita, ningemalizia bila kusita. Kimoja kati ya hivyo kikigoma, hasa cha mwenye nyumba, ningerudisha nikatafute Toyota Aqua, ambayo inanywa kidogo na inapanda Moshi bila kuuliza. Mita ndogo na laini mpya usifunge kwa maelezo yangu ya maandishi, fundi aje aone nyumba. Na mtu yeyote asiifungue betri kubwa mtaani, awe shemeji au nani. Volti 350 za betri haziachii mkono. Anayejua kazi hiyo utamwona anavaa glavu za mpira za umeme, anachomoa plagi ya usalama na kusubiri dakika kumi kabla hajagusa waya wowote wa rangi ya machungwa. Asiyesubiri, gari lako lisiingie kwake.

Siku kumi zinatosha kwa haya yote ukianza kesho na simu ya mwenye nyumba. IST usiitangaze bado.